Popo wa Nchi za Joto: Maisha Yao ya Kijamii na Afya ya Binadamu

Kwa nini elimu ya afya ijishughulishe na jinsi popo wanavyoishi?

Kwa sababu virusi hufuata mikusanyiko. Popo wengi wa nchi za joto hulala kwa maelfu wakiwa wamegusana mabawa, hulambana, hupigania nafasi na kuchafuana kwa mkojo na kinyesi. Anayeelewa maisha hayo ataelewa pia ni wapi na ni majira gani mtu huwa hatarini, badala ya kuwaogopa popo wote kila mahali.

Je, kuna mfano unaoonyesha uhusiano huo?

Upo, nao ni wa virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali ya kutokwa damu ambayo huweza kuua. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua homa hiyo, na uchunguzi ukawaonyesha popo wala matunda wa aina ya *Rousettus aegyptiacus* kuwa ndio wanaohifadhi virusi vyake. Tofauti na popo wengi wala matunda, hawa hujielekeza gizani kwa kualisha ulimi na kusikiliza mwangwi wake, na ndiyo maana wanaweza kuishi ndani kabisa ya mapango na migodi, mahali ambapo mchimbaji naye hufika. Majike huzaa takriban kwa wakati mmoja, mara mbili kwa mwaka. Watoto wakifikisha umri wa miezi sita hivi, kinga waliyoipata kwa mama zao ikiwa imekwisha kufifia, idadi ya walioambukizwa hupanda, na vipindi hivyo vimeonekana kulingana na nyakati ambazo binadamu wameambukizwa.

Kama popo ndio chanzo, kwa nini wasiuliwe?

Swali hili huulizwa kila ugonjwa unapozuka, na jibu lake lilipatikana palepale Kitaka. Baada ya tukio la 2007 popo wa mgodi ule waliangamizwa. Miaka michache baadaye wengine walihamia humo, na mwaka 2012, Marburg ilipozuka tena katika eneo hilo, vipimo vilionyesha kwamba asilimia 13.3 ya popo wa mgodini walikuwa na virusi, ilhali mwanzoni walikuwa asilimia 5.1 tu. Watafiti wanadhani kwamba kundi la zamani lilikuwa na wengi waliokwisha kupata kinga. Wengi wa waliokuja kujaza nafasi yake huenda hawakuwa nayo. Yaelekea kuua popo kulizidisha hatari, na kunatupotezea pia wachavushaji wa mibuyu na wasambazaji wa mbegu za misitu.

Ni kweli kwamba popo wanywao damu husaidiana?

Ni kweli, na binafsi naona ni miongoni mwa mambo ya ajabu zaidi katika ulimwengu wa mamalia. Popo hawa, ambao huishi Amerika ya Kusini na ya Kati pamoja na Meksiko, hufa njaa wakikosa damu kwa siku mbili au tatu hivi. Aliyerudi na njaa humkaribia mwenzake, humlamba midomo, naye aliyeshiba humcheulia sehemu ya damu aliyoinywa. Mwaka 1984 mtafiti Gerald Wilkinson alionyesha kwamba ukarimu huo hautolewi kwa ndugu peke yao, bali pia kwa wale waliozoeana.

Ukaribu huo una gharama yake, kwani kichaa cha mbwa, ambacho huwapata popo hawa pia, huenezwa kwa mate. Hata hivyo, popo mgonjwa hubadilika. Nchini Belize watafiti waliwadunga popo kadhaa dawa ya kuamsha kinga ya mwili, isiyoleta ugonjwa wenyewe, wakawafunga vifaa vidogo vya kurekodi nani yuko karibu na nani. Waliojisikia wagonjwa walikutana na wenzao wachache zaidi na kwa muda mfupi zaidi kuliko wale wazima.

Nifanye nini popo akining'ata au akinikwaruza?

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukapimwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa na kingamwili zake, maana dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua. Meno ya popo ni madogo mno na alama zake zaweza zisionekane. Kwa hiyo mtu akiamka na kumkuta popo chumbani, au popo akikutwa karibu na mtoto mdogo, ushauri wa mhudumu wa afya utafutwe hata kama hakuna jeraha.

Na vyakula, je?

Usile tunda lenye alama za meno. Nchini Bangladesh virusi vya Nipah, ambavyo huweza kuvimbisha ubongo, vimeambukiza watu kupitia utomvu mbichi wa mtende uliolambwa na popo wakati wa usiku. Kuuchemsha huviua virusi hivyo.

Kinyesi cha popo kina madhara?

Vumbi lake laweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu, kwa hiyo kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowanishwe kwanza, na anayekiondoa avae barakoa inayobana vizuri usoni pamoja na glovu.