Deki Imekataa Diski: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuchoma Video za Nyumbani

Kuanzia Kondele hadi Mumias, siku hizi ni vigumu kupata harusi, matanga au mahafali yasiyo na mtu wa kamera, na asipokuwepo, simu ishirini zimeinuliwa juu. Lakini ukifika sebuleni kwa nyanya kule Butere au Ugunja, mara nyingi kinachoonyesha picha bado ni deki ya DVD iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ndiyo maana watu hawajaacha kuja na flashi wakisema, "Niwekee hii kwa CD, nipelekee wazee." Kazi yenyewe si ngumu. Kinachoiharibu ni mambo yanayosemwa kila saiba kana kwamba ni kweli.

"Nimekopi faili kwenye diski, kwa hivyo ni DVD"

Hii ndiyo kubwa lao. Kijana anachomeka flashi, anaburuta harusi.mp4 hadi kwenye diski tupu, anabonyeza kitufe cha kuchoma, trei inatoka. Kompyuta inaicheza bila shida. Diski inasafiri hadi kijijini, inatiwa kwenye deki, na deki inazungusha, inakoroma kidogo, kisha inasema haioni kitu.

Deki haitafuti video yoyote tu. Inatafuta folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake faili za aina tatu. VOB ndizo zenye picha na sauti. IFO huieleza deki kila sehemu inaanzia wapi na menyu inaelekeza wapi. BUP ni nakala za akiba za hizo IFO, zikiharibika. Tena picha zilizomo kwenye VOB kwa kawaida huwa zimebanwa kwa mtindo wa MPEG-2, na kwa nchi kama Kenya iliyofuata mfumo wa televisheni wa PAL, huwa na pikseli (vitone vya picha) 720 kwa 576, fremu (picha tuli) 25 kwa sekunde. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1996 na kanuni zake ni za enzi hizo. Simu yako hurekodi kwa mitindo mipya ya kubana video: H.264, iliyokuja mwaka wa 2003, au H.265, ya mwaka wa 2013. Chipu ya deki ya zamani haijawahi kukutana na hizo mbili na haitafundishwa sasa.

Kwa hivyo kabla ya kuchoma kuna kazi mbili: kuigeuza video iwe MPEG-2, kisha kuipanga ndani ya VIDEO_TS. DVDStyler na DVD Flick, zote za bure, hufanya hayo yote kwa pamoja. HandBrake, ambayo wengi huitaja wakidhani inatengeneza DVD, haitengenezi; hutoa faili za MP4 au MKV, yaani inaenda upande wa pili kabisa. Baadhi ya matoleo ya Windows Vista na Windows 7 yalikuja na Windows DVD Maker, lakini iliondolewa kwenye Windows 8, ndiyo maana ukiitafuta kwenye kompyuta mpya huioni.

Wapo wanaobadilisha jina peke yake, harusi.mp4 ikawa harusi.vob, wakidhani wameipita deki kwa ujanja. Gunia la mtama haligeuki mahindi kwa kuandikwa mahindi.

Ubishi hauishi kwa sababu ya sentensi moja: "Lakini kwa jirani inacheza!" Na ni kweli inacheza. Angalia uso wa hiyo deki ya jirani. Ikiwa na alama ya DivX, mtindo mwingine wa kubana video, inaweza kusoma faili za AVI zilizobanwa kwa DivX au nduguye Xvid hata zikiwa zimekopiwa tu. Hiyo haimaanishi itasoma MP4 ya simu, na haisemi lolote kuhusu deki ya nyanya.

"Faili zote ni gigabaiti tatu tu, zitatosha"

Diski ya kawaida ya DVD huchukua gigabaiti 4.7. Kompyuta huionyesha kama 4.37 kwa sababu yenyewe huhesabu kwa 1024 badala ya 1000. Mwenye duka hajakuibia. Lakini uzito wa faili ya simu hausaidii hesabu hii, kwa kuwa video itabanwa upya kwa mtindo mwingine. Hesabu ni ya dakika.

Saa mbili kwenye diski moja hukupa takriban megabiti 5 kwa kila sekunde (biti nane ni baiti moja), picha na sauti pamoja. Hicho ni kiwango kizuri. Ukilazimisha saa nne, kila sekunde inabaki na megabiti 2.6, na hapo mambo huharibika kwa namna inayoonekana hata na asiye fundi. MPEG-2 huokoa nafasi kwa kutorudia kile ambacho hakijabadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Mchungaji aliyesimama mbele ya ukuta akihubiri hatumii biti nyingi, maana ukuta ni uleule. Sasa ilete isukuti ya Kakamega, ile ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka wa 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka: ngoma zinalia, mabega yanatikisika, vumbi linapanda, majani ya migomba nyuma yanapepea, na mshika kamera naye anakimbia na watu. Hakuna fremu inayofanana na iliyotangulia. Biti zikiwa haba, nyuso zinageuka miraba miraba pale pale watu walipochangamka zaidi, na hapo ndipo familia ilitaka kuona.

Kwa hiyo mteja akiniambia, "Fundi, weka matanga yote kwa diski moja tusilipe mbili," mimi humkatalia kwa heshima. Saa mbili kwa diski, labda mbili na nusu kama ni hotuba tupu. Zipo diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5, lakini bei yake iko juu na deki kuukuu husita, au hukwama kabisa, mwale wa leza unaoisoma diski unapohama tabaka la kwanza kwenda la pili.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana. Mtu ana video ya dakika ishirini, anaona nafasi tele, anavuta ubora hadi mwisho. DVD ina kikomo cha megabiti 10.08 kwa sekunde kwa kila kitu. Ukikaribia hapo kwenye diski ya kuchomwa nyumbani, deki iliyochoka huanza kukwamakwama. Mimi huishia 8.

"Nilirekodi kwa HD, DVD itakuwa HD"

Fremu ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080. Ya DVD ina 720 kwa 576. Piga hesabu: DVD ni moja ya tano kamili. Hakuna programu ya kulipia itakayobadilisha hilo, hata ikiwa na tangazo la kumeremeta, kwa sababu kanuni za DVD ndizo zilizoweka kikomo hicho. Ukiitazama kwenye televisheni kubwa ya kisasa, picha haitakuwa kali kama ulivyoiona kwenye simu, na si kosa la fundi.

Lililo la fundi ni umbo. Video pana ikiwekewa alama ya skrini ya 4:3, wageni wote wanatoka warefu wembamba kama nguzo za stima. Video ya zamani ya 4:3 ikitandazwa kwenye skrini pana, kila mtu amenenepa. Ni kisanduku kimoja tu cha kuchagua kwenye programu, na watu hukiruka. Video iliyorekodiwa simu ikiwa imesimama wima itakuwa na kiza pande zote mbili. Iache hivyo. Ukiijaza skrini nzima utakata vichwa.

PAL, NTSC na mambo ya "region"

Hapa hofu ni kubwa kuliko tatizo. Namba za kanda, yaani "region", huwekwa na kampuni za filamu ili diski ya sehemu moja ya dunia isicheze kwenye deki ya sehemu nyingine. Kenya iko kanda ya 5, lakini diski uliyojichomea haina kanda, kwa hivyo kanda haitaizuia popote. Kuhusu PAL na NTSC, mfumo wa televisheni wa nchi kama Marekani na Japani, deki nyingi zinazouzwa hapa hukubali zote mbili. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, na ukizishusha hadi 25 za PAL, kamera ikigeuka upesi utaona picha inarukaruka. Kama deki na televisheni zinakubali NTSC, yenye fremu 29.97, kuichagua si dhambi. Sauti ikianza sawa kisha ikaachana na midomo polepole, mara nyingi chanzo ni simu: nyingi hazishiki idadi moja ya fremu tangu mwanzo hadi mwisho. Igeuze kwanza iwe na idadi isiyobadilika, ndipo uitengenezee DVD.

"Choma kwa kasi ya mwisho" na "choma kwa kasi ya chini kabisa"

Zote mbili si sahihi. Kasi ya 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD, ni takriban megabaiti 22 kwa sekunde na hapo diski za bei nafuu huandikwa vibaya ukingoni. Lakini rangi inayoandikwa data kwenye diski za siku hizi haikutengenezewa 1x pia. Kati ya 4x na 8x panafaa. Katika Kisumu ningeongeza: usianze kuchoma mawingu yakijikusanya juu ya ziwa jioni. Stima ikipotea katikati, DVD-R hiyo, ambayo huandikwa mara moja tu, ni ya kuning'iniza shambani kufukuza ndege.

Ukiwa na uchaguzi, chukua DVD-R kwa deki za zamani. DVD+R, aina nyingine ya kuandikwa mara moja, nayo hucheza kwenye nyingi. Zile za RW za kufutika huakisi mwanga kidogo, na deki kuukuu huzikataa bila maelezo.

"Ilikwaruzwa chini, imekufa"

Mikwaruzo midogo ya upande unaong'aa mara nyingi haisumbui. Kwenye CD hatari iko juu: kile kinachobeba data kimefunikwa na vanishi nyembamba tu chini ya maandishi, na biki ikikandamizwa hapo inaimaliza, wala dawa ya meno haitaifufua. DVD imejificha vizuri zaidi, katikati ya bamba mbili za milimita 0.6 kila moja. Hata hivyo andika kwa maka laini, na stika za karatasi uziache. Zikibanduka nusu diski inayumba ikizunguka.

Kinachoziua polepole diski za kuchomwa ni jua na joto, maana data imeandikwa kwenye rangi. Diski iliyoachwa kwenye dashibodi ya matatu haina maisha marefu. Kwa hiyo yule anayefuta video kwenye simu eti "iko kwa DVD" amebakiwa na moja ya tano ya pikseli za video yake ya HD, kwenye kitu kinachofifia. Kuigeuza DVD iwe MP4 tena hakurudishi kilichotupwa.

"Nimeijaribu kwa kompyuta, iko sawa"

Kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, hucheza karibu kila kitu, hata kile tulichosema hapo juu kwamba si DVD. Hilo si jaribio. Ijaribu kwenye deki, na ukiweza, iliyo dhaifu kuliko zote ulizo nazo. Na usitazame mwanzo ukatosheka. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko makosa hujaa, ndiko pia vidole hushika. Peleka mbele hadi dakika kumi za mwisho uziache zicheze zote. Kwenye video za matanga, hapo ndipo familia hutoa shukrani, na wakwe wanaotajwa huko watapiga simu kabla ya mtu mwingine yeyote.