Je, wajua kwa nini mama mboga wa Kibera hukukatia sukuma wiki?

Saa kumi na mbili na nusu jioni, reli inayopita Kibera, mtaa mkubwa wa mabanda jijini Nairobi, hugeuka njia ya miguu. Wanaotoka Industrial Area na wanaotoka mjengo, yaani vibarua vya ujenzi, wanarudi nyumbani kwa makundi, viatu vimejaa vumbi, na kando ya njia vibanda vya mboga vimejipanga. Mteja anasimama. "Sukuma ya ishirini." Mama mboga anaokota majani, anayakusanya, anayakunja na kuyakaza kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Kisha anauliza, "Nikukatie?"

Karibu kila mtu hujibu, "Kata." Hakuna kibao cha kukatia. Kisu kinapita mbele ya kidole gumba, mboga inadondoka laini kama nyuzi, na kabla mteja hajamaliza kutafuta sarafu mfukoni kazi imekwisha.

Nairobi tumeizoea huduma hii hadi hatuulizi ilitoka wapi. Mimi naiona kama jibu la swali kubwa: kwa nini ni vigumu kula vizuri katika mtaa ambao mboga ziko hatua chache kutoka mlangoni?

Mfuate mteja yule hadi Gatwekera au Laini Saba. Anaingia katika chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni sebule, jikoni na chumba cha kulala. Jiko ni moja. Maji yako kwenye mtungi wa lita 20 na ameyanunua. Akianza kuosha, kupanga na kukata majani sakafuni huku watoto wakimzunguka, ugali utachelewa na makaa yatazidi kuungua bure. Sukuma iliyokatwa laini hugeuzwa mara mbili tatu kwenye kitunguu na nyanya ikawa tayari. Kwa hiyo kile kisu cha mama mboga kinamwokolea mteja muda, maji na moto, na hivyo vitatu vyote ana uhaba navyo.

Ndiyo sababu maharagwe pia huuzwa yakiwa yamechemshwa, na githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, huuzwa kwa kikombe. Maharagwe makavu ni chakula bora na ni rahisi ukilinganisha na nyama, lakini huchemka kwa saa nyingi. Ukimwambia mtu wa kipato cha siku "kula maharagwe, ni nafuu", hujahesabu makaa.

Halafu kuna mambo ya kadogo, yaani kununua kwa vipimo vidogo vidogo. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kijiko au kikombe kidogo, sukari hufungwa vipakiti, unga huuzwa kwa kupimwa. Anayelipwa kila jioni hununua kila jioni, kwa kiasi cha alichopata. Ukijumlisha vipimo vyote vidogo vya mwezi mzima, unakuta amelipa zaidi kwa lita moja ya mafuta kuliko jirani yake wa ng'ambo ya Ngong Road aliyenunua mtungi mzima kwa mara moja. Si kwamba hajui hesabu; hajawahi tu kuwa na pesa ya mtungi mzima siku moja. Na hata angekuwa nayo, friji hana, na mboga ya majani haingoji kesho.

Upande wa pili wa kibanda nao una hesabu yake. Mama mboga ameamka saa tisa au kumi usiku kwenda Marikiti, soko la Wakulima lililo katikati ya jiji. (Jina hilo watu wa Mombasa na Unguja wanalijua vizuri, nako kuna Marikiti.) Hapo malori yameshusha kabichi za Kinangop na viazi kutoka nyanda za juu. Analipa mzigo, analipa wa mkokoteni, analipa nauli. Akifika Kibera hana bomba, na pengine kivuli chake ni gunia lililotandazwa juu ya vijiti. Hunyunyizia majani maji kwa mkono ili yasisinyae. Kufikia saa tisa mchana jua limeshachukua fungu lake, na yale majani ya njano atakayotupa hayana mnunuzi. Gharama yake inaingia kwenye bei ya yale mazuri. Tena usafi uko hatarini: akiwa na maji machache ataosha mafungu mengi kwenye beseni moja, na mboga ikioshwa ikiwa imeshakatwa hupoteza sehemu ya vitamini C yake kwenye maji hayo. Ukitaka faida yote, mwombe aoshe kwanza ndipo akate.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi na mihogo visihesabiwe. Fungu moja la sukuma likigawanywa kwa watu watano halifiki hapo. Matunda ndiyo huachwa kwanza, kwa kuwa tunda halishibishi na halishushi ugali.

Marekani tatizo kama hili limezoeleka kupimwa kwa umbali: mtaa wa kipato cha chini ambao watu wengi wanakaa zaidi ya maili moja kutoka duka kubwa la vyakula huitwa jangwa la chakula. Dawa iliyopendekezwa kwa miaka mingi ilikuwa kufungua supamaketi. Utafiti mkubwa uliochapishwa huko mwaka 2019 ulionyesha kwamba maduka hayo yalipofunguliwa, watu walihamia kununua humo lakini walichokula kilibadilika kidogo sana. Kibera si jangwa la namna hiyo. Umbali si tatizo. Na supamaketi haitakuandikia deni kwenye daftari siku ambayo mjengo haukuwa na kazi, wala haitakuuzia nusu ya kabichi. Mama mboga hufanya yote mawili. Mpango wowote wa chakula unaomruka yeye, mimi nauona umeanza kwa mguu mbaya.

Mwishoni mwa mwaka 2007 na mapema mwaka 2008 Kibera ilijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika ghasia za baada ya uchaguzi soko la Toi, lililo kando ya Kibera, liliteketezwa, na vijana wakang'oa reli. Mboga zikapanda bei, nyingine hazikufika kabisa. Ni katika kipindi hicho shirika la Kifaransa la Solidarités lilipoanza kugawa miche na kufundisha watu kilimo cha gunia.

Namna yake ni hii. Gunia husimamishwa wima. Katikati unaweka kopo lililotobolewa juu na chini, unalijaza kokoto, na kulizunguka unajaza udongo uliochanganywa na samadi. Kisha unalivuta kopo juu, kokoto zinabaki, unajaza tena, hadi gunia lote liwe na nguzo ya mawe ndani yake. Nguzo hiyo ndiyo siri yenyewe: maji unayomwaga juu hushuka kwayo na kusambaa hadi chini, la sivyo mizizi ya chini ingekauka huku ya juu ikioza. Ubavuni unatoboa matundu na kupachika miche ya sukuma na spinachi, juu unapanda vitunguu. Gunia moja hubeba makumi ya miche mahali ambapo shambani ungepanda michache tu. Sukuma huchumwa majani ya chini tu, nayo ya juu yanaendelea, kwa hiyo mavuno yanadumu miezi.

Nalipenda gunia, ila sitalipamba. Linataka maji, na maji ya Kibera yananunuliwa. Mbuzi na kuku wanaliandama, mwenye nyumba anaweza kuamuru liondoke, na udongo uliochotwa karibu na mtaro au jalala unaweza kuwa na madini ya sumu kama risasi (lead) ambayo kuosha majani hakuyaondoi yote. Nairobi ilipata sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, lakini sheria haikuleta bomba. Gunia halitamwondoa mama mboga kazini. Linakupa kitu cha kutia sufuriani siku ambayo mfuko ni mtupu, na mara nyingi fungu la kumpa jirani.

Kwa watoto, hatua iliyonigusa zaidi ni chakula cha shule. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha Dishi na County pamoja na shirika la Food4Education, lililoanzishwa na Wawira Njiru. Jiko kubwa moja hupikia shule nyingi. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo kupitia simu, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa na kupokea sahani ya wali au githeri na kitoweo. Angalia hesabu ilivyogeuzwa: makaa, maji, muda na bei ya jumla, yote yale yanayomwelemea mama nyumbani, hapa yanabebwa na jiko moja. Pengo ni kwamba mpango ulianzia shule za umma, na watoto wengi wa mitaa ya mabanda husoma katika vishule vidogo vya watu binafsi na vya makanisa.

Lakini jioni mtoto anarudi nyumbani, na sufuria inategemea tena kile kibanda kando ya njia. Miaka ya 2010 wakazi wa mitaa kama Mathare, kupitia Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, walijichorea ramani za wauza chakula wao. Walifunga kamera kwenye puto, wakalirusha juu ya mapaa ya mabati, wakashika kamba na kutembea nalo vichochoroni. Picha zikaonyesha jinsi vibanda vilivyokaa karibu na mitaro na takataka, na wauzaji wakapata cha kuonyesha walipozungumza na maofisa: hapa tunahitaji bomba, hapa takataka ziondolewe, hapa taa.

Taa wengi hawaifikirii katika habari za lishe. Ila mboga ya Kibera hununuliwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, kwa kuwa ndipo mshahara wa siku unapofika nyumbani. Pita usiku chini ya ule mlingoti mrefu wa taa unaoitwa mulika mwizi. Sukuma, managu, nyanya, ndizi mbivu, vimepangwa hadi pale mwanga unapofifia, na baada ya hapo ni giza na milango iliyofungwa.