Samaki simba kwenye tangi la nyumbani: pima kinywa kabla ya kumtafutia wenzake

Mama mmoja alipiga simu ofisini kwetu Mombasa akilalamika kwamba paka wa jirani anamwibia samaki. Alikuwa na tangi la kioo sebuleni, la lita mia mbili na kitu, na ndani yake samaki wadogo wa buluu wanane. Siku ya tatu wakawa saba, mwisho wa wiki wamebaki watano. Nikamwuliza kama tangi lina mfuniko. Lina. Sakafu je, asubuhi huwa na maji? Hapana, kavu kabisa. Basi nikauliza ni nani mwingine anayeishi humo ndani.

"Yumo mmoja tu, daktari. Ana mistari ya kahawia na mapezi kama ushungi unaopepea. Lakini huyo mpole sana, mchana kutwa hasogei, kajining'iniza tu chini ya jiwe."

Nikamwambia huyo mpole ndiye paka wake.

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na sijui kama walimfikiria huyu wa baharini, lakini wamemsema vilivyo. Swali tunaloulizwa mara nyingi na wanaotaka kumfuga ni kama ana ukali kwa wenzake. Ukali hana. Hagombani, hang'ati mikia ya watu, halindi kona yake kwa vita. Kwa ugomvi, wale samaki wa buluu wa yule mama ni wakorofi kumshinda mara kumi. Ila kila kinachoenea kinywani mwake anakiona chakula, na anakila bila hasira yoyote. Kwa hiyo anayetaka kujua kama samaki simba ataishi na wengine aulize mambo mawili: kinywa chake kina upana gani leo, na kitakuwa na upana gani mwakani?

Samaki simba wa pwani yetu kwa jina la kisayansi ni Pterois miles. Yupo Bahari ya Shamu, yupo Oman, yupo kwetu mpaka kusini mwa Afrika. Anayeuzwa zaidi katika maduka ya Ulaya na Marekani ni ndugu yake wa Pasifiki, Pterois volitans, na kwa macho matupu hata wataalamu hupata tabu kuwatenganisha. Matunzo yao ni yale yale.

Ukitaka kumwelewa, mtazame jioni mwanga ukianza kufifia. Anatoka chini ya jiwe taratibu, anafungua mapezi yake mawili ya ubavuni mpaka yanakuwa kama mikono iliyotandazwa. Anamsogelea samaki mdogo kama vile mtu anavyowakusanya kuku kuwaingiza bandani: hakimbii, anaziba tu njia, huku kidogo, kule kidogo, mpaka mdogo anajikuta kwenye kona. Hapo hufanya jambo ambalo watafiti wamelieleza kwa yule wa Pasifiki, la kumpulizia mlengwa wake maji. Samaki akihisi mkondo wa maji huelekea kuugeuzia kichwa, na akigeuka hivyo amejiweka sawa kwa kumezwa, kichwa kwanza. Domo linafunguka, maji yanaingia kwa kasi, na samaki hayupo. Hapana damu, hapana fujo, hapana hata kishindo. Ukiwa umeinama kuokota rimoti utakuwa hukuona kitu.

Baharini mdogo ana mapango na nafasi ya kukimbilia. Kwenye tangi la mita moja hana pa kwenda, na mwindaji ana usiku kucha.

Tumbo la samaki huyu linaweza kutanuka hadi mara 30 ya ukubwa wake likiwa tupu. Katika jaribio moja lililofanywa kwenye miamba midogo ya Bahamas na kuchapishwa mwaka 2008, kuwepo kwa samaki simba kulipunguza ongezeko la samaki wachanga kwa wastani wa asilimia 79 ndani ya wiki tano tu. Hiyo ni bahari. Sasa fikiria sebule.

Kanuni ninayowapa watu ni hii: usimweke na samaki yeyote aliye chini ya nusu ya urefu wake, na uukadirie urefu atakaofikia, usiutazame ule wa siku unayomnunua. Dukani ana sentimita 7, anapendeza kama pambo la harusi. Akila vizuri, baada ya mwaka mmoja hivi anaweza kupita sentimita 20, na akikomaa hukaribia 35 au zaidi. Anaweza kuishi miaka zaidi ya 10. Wale wenzake uliomnunulia siku ile ile, wakiwa sawa naye, watabaki na vidole vyao viwili vya urefu, na siku moja hesabu itapungua.

Umbo nalo lina maana. Samaki mwembamba kama kidole humezwa hata akiwa mrefu, ila mwenye mwili mpana wa kusimama kama sahani humkaa kooni. Ndiyo sababu kangaja waliokomaa huishi naye vizuri, na tasi pia, ambao baadhi yenu mnawaita tafi. Tasi wana faida ya ziada, kwamba wana miiba yenye sumu ya kwao na hakuna anayewachezea. Wale samaki wekundu wa usiku wenye macho makubwa nao wanafaa, mradi wawe wakubwa.

Kamba na kaa wasahau. Kuna watu huweka yule kamba mdogo mwekundu anayesafisha samaki wengine, wakiamini kazi yake itamwokoa. Huwa anasafisha siku mbili tatu.

Upo pia upande wa pili wa kosa hili, ambao watu hawaufikirii: samaki simba mwenyewe kuonewa. Mapezi yake marefu yanayopepea ni kishawishi kikubwa kwa kikande na bunju, wenye meno ya kukatia magamba ya konokono. Watayakwanyua moja moja mpaka abaki kama mwavuli uliovunjika, na vidonda vile huoza. Chewa mkubwa anaweza kummeza yeye, miiba na yote. Mkunga wengine huweka. Mimi siweki, kwa sababu mkunga haoni vizuri, huwinda kwa harufu, na usiku wa chakula hujui ataumana na nini. Halafu wapo samaki wepesi wasio na ubaya wowote ila wana haraka. Chakula kikishuka wameshakimaliza, na huyu bwana mkubwa bado anafungua mapezi. Anakonda polepole kati ya samaki walionenepa, na mwenye nyumba anadhani ni mgonjwa.

Kuwaweka samaki simba wawili pamoja inawezekana wakilingana. Wasipolingana, mkubwa hamheshimu mdogo kwa sababu ya undugu.

Kama tangi lako ni dogo, usilazimishe. Kwa Pterois miles aliyekomaa mimi sishuki chini ya lita 450, na zaidi ya hapo ndiyo raha yake. Wapo jamaa zake wadogo, kama Dendrochirus brachypterus anayeishia kwenye sentimita 17 hivi, ambaye tangi la lita 200 linamtosha. Yupo pia Pterois radiata, mwenye mistari myembamba myeupe iliyolala kwenye shina la mkia. Ni mzuri kupita wote, lakini hupenda kamba na kaa kuliko samaki, na kumzoesha chakula kilichokufa kunahitaji subira ya mvuvi wa mshipi. Asiwe samaki wako wa kwanza.

Kuhusu maji nitasema machache. Mla nyama huchafua sana, kwa hiyo kichujio kiwe kikubwa kuliko kinachoandikwa kwenye boksi, na kile kifaa kinachokamata uchafu kwa povu kiwepo. Tangi jipya lipewe wiki 4 hadi 6 lizae bakteria wa kuvunja amonia, ile sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kabla hujaweka samaki yeyote wa thamani. Joto la nyuzi 24 hadi 27 linamfaa. Ulaya watu huhangaika kupasha maji, sisi Mombasa na Dar es Salaam mwezi wa Februari tunahangaika kuyapoza, na umeme ukikatika pampu zinasimama, hewa inaisha. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei ya kilo mbili za nyama. Nunua. Na ukiona siku moja ngozi yake imekuwa na utando mweupe kama utaji, kisha unachanika na kuelea, usikimbilie dawa. Samaki wa ukoo huu hujivua utando wa juu wa ngozi, na akimaliza hung'aa upya.

Kwenye chakula ndiko wengi wanakowaua wakidhani wanawapenda. Wananunua samaki hai wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wale wa dhahabu wa bei rahisi, wanamwaga ndani ili wageni waone tamasha. Mafuta ya samaki wa maji baridi si yale ambayo mwili wa samaki wa bahari umeumbiwa, na samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Ini linajaa mafuta, samaki anaonekana mnono na mwenye afya, halafu siku moja unamkuta chini. Dagaa wakavu wa ziwani nao waache kwenye sufuria yako.

Mpe vipande vya ngisi, kamba wabichi wenye magamba, nyama nyeupe ya samaki wa bahari, na ubadilishe badilishe. Chakula cha barafu kiyeyushwe kwanza ndani ya friji. Akiwa mgeni huenda asitambue kitu kisichotembea, hivyo choma kipande kwenye ncha ya kijiti kirefu cha plastiki na ukitikise mbele yake kama kinaogelea. Atakitazama. Atafungua mapezi. Atageuka aende zake. Kesho tena. Wengi hukubali ndani ya wiki moja au mbili. Mkubwa alishwe mara 2 au 3 kwa wiki, basi, hata akija kwenye kioo kukuomba kila unapopita, na atakuja.

Sasa mkono wako. Ana miiba 18 yenye sumu: 13 mgongoni, 2 tumboni, 3 chini karibu na mkia. Mapezi makubwa ya ubavuni, yale yanayotisha, hayana sumu. Mwiba umefunikwa na ngozi nyembamba, ukiingia mwilini ngozi inarudi nyuma na sumu inapanda kwenye mifereji. Hashambulii mtu. Karibu watu wote wanaochomwa nyumbani wamejichoma wenyewe wakisafisha kioo bila kumtazama alipo, au wakimtoa kwa wavu. Wavu ni kosa, kwa sababu miiba hunasa kwenye nyuzi, na unapojaribu kumnasua ndipo unapochomwa. Mtumbukize kwenye chombo cha plastiki chini ya maji. Hata akifa usimshike kwa mkono mtupu, maana miiba yake bado inachoma.

Ukichomwa, maumivu ni makali na hupanda. Sumu yake ni ya protini na joto huiharibu, kwa hiyo tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto la maji lipimwe kwa mkono usiochomwa, au mtu mwingine akupimie. Mkono wenye maumivu hausemi kweli, na nimewahi kumwona mvuvi aliyepona sumu akabaki na malengelenge ya maji ya moto. Usikate, usifyonze, usifunge kamba. Ukihisi kubanwa kifua, kizunguzungu, au uvimbe ukipanda, nenda hospitali mara moja. Nenda pia kama kipande cha mwiba kimebaki ndani au hukumbuki lini ulichomwa sindano ya pepopunda. Kwenye nyumba yenye mtoto anayefikia mfuniko, funga mfuniko kwa kufuli.

Ukichoka naye, usimmwage baharini. Hapa kwetu ni mwenyeji, lakini anaweza kubeba maradhi ya tangini. Kwa mnaosoma mkiwa Ulaya au Marekani jambo ni zito zaidi. Samaki simba alionekana Florida mwaka 1985, karibu na Dania Beach, mbali kabisa na bahari yake, na anayedhaniwa zaidi kumfikisha huko ni wafugaji wenyewe. Ile hadithi kwamba kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kilivunja tangi na kuwaachia sita ni tamu, ila walikuwa wameshaonekana miaka saba kabla. Bahamas walifika mwaka 2004, leo wamejaa Karibi yote, na Pterois miles wa kwetu ameshapita Mfereji wa Suez kuingia Mediterania. Mrudishe dukani, au mpe mfugaji mwenye tangi kubwa. Na anayetaka kumvua mwenyewe huku pwani ya Kenya ajue kwamba ukusanyaji wa samaki wa mapambo unahitaji leseni, na ndani ya mbuga za taifa za baharini za Kisite, Watamu na Malindi hairuhusiwi kuvua kabisa.

Yule mama alipiga tena baada ya wiki tatu. Watano waliobaki alimpa mpwa wake. Samaki simba alisusa siku sita, ya saba akachukua ngisi kwenye kijiti, na sasa anamfuata kila anapopita na kikombe cha chai. Paka wa jirani, nasikia, bado anafukuzwa kwa ufagio akionekana tu mlangoni.