Mtoto atafika urefu gani? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Baba akiwa mrefu, mtoto atakuwa mrefu.

Ukweli: Urefu wa mama una uzito uleule. Jumlisha urefu wa wazazi kwa sentimita. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13, kisha gawa kwa 2. Baba wa 172 na mama wa 158 hupata mvulana wa 171.5 au msichana wa 158.5. Hiyo ni katikati tu: mvulana huyo anaweza kuishia 163 au 180 na isiwe ajabu. Wazazi wapimwe kwanza, maana urefu wa kutaja kwa mdomo huwa umeongezwa chumvi, hasa wa akina baba. Na mzazi aliyedumaa utotoni hushusha hesabu, wakati mwanawe akilishwa vizuri anaweza kumpita mbali.

Dhana: Urefu wa miaka miwili mara mbili ndio jibu.

Ukweli: Ni kisio la haraka, tena kwa msichana hufaa zaidi urefu wa miezi 18. Ukikosea sentimita 2, jibu linakosea 4. Mtoto wa miaka miwili apimwe amesimama, bila viatu, visigino na makalio vikigusa ukuta, macho mbele. Mabutu yafumuliwe. Weka kitabu kigumu kichwani kikiwa kimelala na kufanya pembe mraba na ukuta, tia alama, pima kwa futi ya seremala. Akipimwa amelala, toa sentimita 0.7.

Dhana: Binti aliyewapita wenzake darasa la tano atabaki mrefu kuliko wote.

Ukweli: Huenda amebalehe mapema tu. Baada ya kuvunja ungo, wengi huongeza sentimita 5 hadi 7 hivi, basi.

Dhana: Ndoo za maji kichwani ndizo zinazodumaza watoto wa huku ziwani.

Ukweli: Ndoo inaweza kumuumiza shingo, lakini udumavu huanza mapema zaidi, tangu mimba hadi miaka miwili, kwa lishe duni na kuharisha kusikokwisha. Uji mtupu wa muhogo unashibisha, haujengi. Dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, wakichambuliwa mchanga, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa laini, huutia protini na madini ya chokaa. Akikua, kichocho cha kuogelea ziwani nacho hurudisha ukuaji nyuma. Asikose dawa zinapogawiwa shuleni.

Kuning'inia kwenye bomba hakurefushi mifupa.

Mtoto wa shule ambaye hajabalehe akiongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mpeleke hospitali na kadi yake ya kliniki. Daktari anaweza kuagiza eksirei ya mkono wa kushoto kuona mifupa imebakiwa na nafasi gani ya kukua.