Namna ninavyochora dhuluma ya vita kwa msomaji wa darasa la tatu

Nikiwaonyesha walimu wa hapa Iringa kitabu cha Kwon Yoon-duck, mchoraji wa Korea Kusini, swali huwa lile lile: mtoto wa darasa la tatu ataelezwaje habari za ubakaji? Wana haki ya kuuliza. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na naamini anaweza kuelezwa, tena ukweli wenyewe.

Kitabu hicho kilitoka Korea mwaka 2010. Kinamhusu bibi mmoja aliyechukuliwa na wanajeshi wa Japani akiwa binti mdogo, enzi Korea ikitawaliwa na Japani. Wasichana wa Korea, China, Ufilipino na kwingineko walifungiwa kwenye vituo vya jeshi na kuingiliwa kwa nguvu siku baada ya siku. Vita ya Pili ya Dunia ikaisha mwaka 1945, nao wakarudi na aibu isiyokuwa yao. Wengi walinyamaza mpaka mmoja wao, Kim Hak-sun wa Korea, alipojitokeza hadharani tarehe 14 Agosti 1991, akasema kwa jina lake mwenyewe. Bibi wa kitabuni, uzeeni, alikuwa akitengeneza picha kwa maua aliyoyakausha na kuyabana, na kutokana na maua hayo Kwon akapata lugha ya kitabu kizima. Toleo la Kijapani lilicheleweshwa hadi 2018.

Sisi nasi tunayo yetu. Kila mtoto wa Iringa anajua Lugalo, ambako Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891, na fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Lakini ngome yake ya Kalenga ilipoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894, wanawake na watoto wengi walichukuliwa mateka, na hao hatuwasimulii. Ndio ninaowachora sasa.

Kazi naianza kwa penseli: kurasa zote 32, ndogondogo, kwenye karatasi moja kubwa, ili nione hadithi inavyotembea. Mahali pagumu ni pale binti wa hadithi yangu anapokamatwa. Kurasa mbili zinazotazamana nimeziacha karibu tupu: njia ya vumbi, kikapu cha milulu kimelala ubavu, mboga zimetawanyika, na pembeni buti na ncha ya mkanda, kwa kimo ambacho mtoto angeviona. Msomaji akigeuza ukurasa, tendo limekwisha kupita. Anamkuta binti ameketi, kajifunika shuka hadi shingoni, mama mwingine mateka kamshika mkono. Simchori uchi, wala nguo yake iliyochanika. Atakayeshika kitabu hiki huenda naye yamemkuta, na sitaki alione tendo lenyewe mara ya pili kwa mkono wangu.

Maneno, hata hivyo, hayafichi: “Waliuumiza mwili wake kwa nguvu. Yeye hakukosa lolote.” Mhariri mmoja alitaka tuandike kwamba binti “alipatwa na huzuni”. Nilikataa kabisa. Mtoto anajua pale mtu mzima anapomzungusha, na akizungushwa hujifunza kwamba jambo hilo halitajwi. Vilevile siwachori askari kama fisi au majini. Waliofanya hivyo walikuwa watu, na mtu huulizwa alichofanya, hushtakiwa, hudaiwa kuomba radhi. Hilo ndilo wanalolidai watu wanaokusanyika kila Jumatano karibu na ubalozi wa Japani mjini Seoul, tangu Januari 1992.

Sura ya binti naichora kila ukurasa, hata akiwa mdogo kama punje, ili mtoto asimpoteze. Na nusu ya kitabu ni maisha ya baadaye: analima, anasuka, anagombana na wajukuu, anacheka. Wachoraji wengi huishia kwenye machozi, na kwangu huo ni udhalimu wa pili, kwa sababu unamwacha manusura palepale alipoachwa na askari.

Kwa walimu watakaokitumia nina ombi moja: msikisome kipindi cha mwisho. Mara nyingi mtoto atasubiri wenzake watoke, kisha aseme, “Mwalimu, hata mimi.” Hapo unahitaji muda wa kukaa naye, kumwambia unamwamini, kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, na kumfikisha Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyohiyo, kabla hajarudi nyumbani kwa aliyemtenda.