Kuanika picha Nairobi: dhana potofu na ukweli kuhusu muda wa jua

Dhana: Jua likichoma sana, picha huiva haraka.

Ukweli: Picha hizi hutengenezwa kwa kupaka karatasi dawa inayoathiriwa na mwanga, kuiwekea negativu (picha angavu iliyogeuzwa, penye mwanga pakiwa giza) juu yake na kuianika juani. Joto haliziivishi. Kazi hufanywa na miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Sayanotaipu, ile picha ya buluu aliyoibuni mwanasayansi John Herschel mwaka 1842, hutumia chumvi za chuma zinazobadilika zikipigwa na miale hiyo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo adhuhuri miale ni mikali hata ukivaa sweta. Julai mawingu yanapotanda, baadhi ya miale hupenya. Usifungie karatasi kabatini mwezi mzima. Ongeza muda tu.

Dhana: Sayanotaipu ikishakuwa buluu, ianue.

Ukweli: Hapa ndipo karatasi nyingi nzuri huharibika, na inaniuma kila nikiona. Ukisuuza, sehemu ya rangi huondoka na maji. Subiri hadi pale patakapokuwa na giza zaidi pageuke kijivu, kama shaba iliyofubaa. Utadhani umeiunguza. Isuuze, iache ikauke, na kesho yake buluu itakuwa imekolea. Picha ya chumvi, mbinu inayotumia fedha badala ya chuma, nayo huanikwa kupita kiasi kidogo, kwa sababu dawa ya kukazia huififisha.

Dhana: Kila mbinu ina dakika zake.

Ukweli: Mpangilio wa ipi huwahi na ipi huchelewa upo, dakika maalumu hazipo. Vandaiki, mbinu ya picha za kahawia yenye chuma na nitrati ya fedha, kwa kawaida huwahi kuliko sayanotaipu ya Herschel. Fomula mpya ya sayanotaipu ya mkemia Mike Ware pia huiacha ile ya zamani nyuma. Karatasi iliyopakwa maji ya mchicha au kiazisukari badala ya dawa huchukua siku, hata wiki. Lakini negativu nzito, isiyopitisha mwanga mwingi, hupindua hesabu yote, na majedwali ya muda ya Uingereza hayajui paa lako. Ukitaka kulinganisha kwa haki, paka dawa mbalimbali kwenye vipande vya karatasi ileile, vipange pamoja kati ya kamba za nguo saa sita mchana, vifunike kwa kadibodi, kisha isogeze kidogo kila baada ya dakika moja ili kila sehemu ipate muda tofauti.

Dhana: Usiku taa ya LED ya sebuleni itatosha.

Ukweli: Karibu haitoi urujuanimno kabisa. Ndiyo maana mimi hupaka karatasi dawa chini ya taa hiyohiyo.