Moto Ukizimwa Mlimani, Jihadhari na Mvua

Mlima ulioungua huweza kuporomoka kwa mvua ambayo miaka yote uliinywa bila shida. Moto wa Thomas, California, ulianza tarehe 4 Desemba 2017 nyaya za umeme zilipogusana katika upepo mkali, ukateketeza takriban hekta 114,000. Tarehe 9 Januari 2018, hata kabla haujadhibitiwa kikamilifu, mvua kali ya dakika chache ilishusha tope, magogo na mawe makubwa hadi mji wa Montecito. Watu 23 walipoteza maisha.

Majani yanayooza chini ya miti yana nta. Moto huigeuza kuwa mvuke; sehemu yake huzama ardhini, hukutana na ubaridi sentimita chache chini, huganda na kuzipaka chembe za udongo. Tabaka hilo hukataa maji. Juu yake hakuna tena majani ya kupunguza kasi ya matone, kwa hiyo mvua hutiririka karibu yote, ikizoa majivu na udongo uliolegea.

Kupima ni rahisi. Fagia majivu, dondosha tone la maji, hesabu. Kisha chimba sentimita 1, halafu 2, halafu 3, ukirudia kila kina. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, udongo unakataa maji. Likimaliza dakika nzima, hali ni mbaya. Wengi hupima juu tu, wakaona maji yanaingia, wakaridhika. Palipoungua vikali mno, pale penye majivu meupe, nta ya juu yenyewe imeteketea na tabaka baya limejificha chini.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni matandazo ya majani makavu ya nafaka, yasiyo na mbegu za magugu, yakifunika kama asilimia 70 ya ardhi. Yakiwa haba hayasaidii. Yakirundikana, miche haichomozi. Kwenye mteremko mkali wenye upepo hupeperuka, hapo tumia vipande vya mbao. Magogo yanayolazwa kukingama na mteremko hupendwa sana, ila gogo lisipozikwa kidogo na kushindiliwa udongo upande wa juu, maji hupita chini yake. Likiinama upande mmoja, huyakusanya na kuchimba korongo. Na tafadhali, usipitishe trekta juu ya ardhi hiyo.

Zibua kalvati mapema, maana zikizibwa na matawi maji huhamia barabarani. Aliye mdomoni mwa korongo ahame kabla mvua haijaanza. Mngurumo kutoka juu, au mto kupungua ghafla wakati mvua inanyesha, ni dalili kwamba tope limekaribia: kimbilia pembeni, kwenye mwinuko, kamwe usifuate mkondo.

Maji ya kunywa nayo huharibika. Baada ya moto wa Januari 2003, mabwawa ya Cotter yanayohudumia Canberra, Australia, yalichafuka kwa tope na majivu. Nyumbani, tenganisha bomba la paa na tangi kabla ya mvua ya kwanza, usafishe paa ndipo uliunganishe tena.

Miaka 2 ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi kwa mafuriko ya tope. Baadaye mizizi ya miti iliyokufa huoza na kuacha kushika udongo, hivyo miteremko mikali huanza kumeguka hata pale ambapo nyasi zimekwisha kurudi.